Miaka ya kazi, diploma na kiti: kwa nini tunagombana katika shule za binafsi



Leo sitaongea juu ya muhindi wala mbolea, ijapokuwa mimi ni mtu wa agronomia. Nitaongea juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaangukia kisha kudefandi: kufundisha katika shule ya binafsi. Mtu anamaliza agronomia, uchumi ao sosholojia, anatembeza barua ya kuomba kazi Lubumbashi nzima, mwisho promoteri mmoja wa kartiye anamwambia: "Kuya Septemba, tuko na saa za biolojia." Njo vile nilianza, Septemba 2021.

Ndani ya zile shule kuna ugomvi mmoja hauishi. Nani anapaswa kupanda cheo? Mwenye diploma kubwa, ao mwenye miaka mingi? Mimi niliuingia bila kuuelewa, na nilimuumiza mtu. Naandika ili wadogo zangu wasianguke katika shimo moja na mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Pale shuleni kulikuwa mwalimu wa kemia, gradie aliyetoka ISP, aliyeanza Septemba 2009. Tulimwita Papa wa Kemia. Wazazi wengine waliosomeshwa na yeye walikuwa sasa wanamletea watoto wao. Wakati kiti cha direkteri wa masomo kilibaki wazi, Agosti 2023, kila mtu alijua ni chake. Promoteri akaniita mimi, mwenye miaka miwili tu pale. Aliniambia: "Weye uko A0, yeye ni A1. Diploma inapita miaka." Nilikubali. Nilikuwa na miaka 26, na mama yangu nyumbani alishangilia.

Kuanzia siku ile, katika chumba cha walimu kulikuwa makambi mawili. Vijana wenye lisansi upande wangu, wazee upande wa Papa. Salamu zilipungua. Papa mwenyewe hakunitukana hata siku moja. Aliniambia tu, siku moja tukitoka: "Mutoto, miye sikatae weye uikale pa kile kiti. Kiti ni ya promoteri. Lakini miaka yangu ni ya miye."

Sikuelewa. Niliona ni maneno ya mtu mwenye wivu. Leo naona kwamba alikuwa ameelewa sheria kutupita sisi wote.

Tutofautishe vitu vitatu

Ugomvi wetu unatokea kwa sababu tunachanganya vitu vitatu ndani ya chungu kimoja: diploma, miaka ya kazi (ile tunaita ansienete), na kiti.

Katika shule za Leta, mambo haya yana karatasi zake. Mwalimu ana nambari yake, anaandikwa katika listi ya SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE, na grado yake inafuata diploma yake. Kuna ucheleweshaji na malalamiko mengi kule, tunajua wote, lakini angalau kuna listi ya kugombania.

Shule ya binafsi haiko vile. Mwalimu wake si mtumishi wa Leta. Ni mfanyakazi wa promoteri, sawa na fundi wa karakana ao mhasibu wa duka. Sheria inayomlinda ni Kodi ya Kazi: sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Wengi wetu tunafundisha miaka mitano bila kufungua ile Kodi hata ukurasa mmoja.

Sasa, Kodi inasema nini juu ya kila kimoja?

Kiti. Hapa wazee wengi watahuzunika, lakini tuseme ukweli. Hakuna kifungu kinachosema mwenye miaka mingi lazima awe prefe ao direkteri wa masomo. Promoteri anachagua. Anafungwa tu na kile alichoandika yeye mwenyewe katika kontra, katika kanuni ya ndani ya shule, ao katika mapatano ya pamoja na wafanyakazi. Kama hakuna kitu kimeandikwa, kugombania kiti ni kugombania upepo.

Diploma. Nayo haina nguvu tunayoipatia. Mimi nilikuwa A0, ndiyo, lakini A0 ya agronomia. Sijapita katika agregasio, sijafundishwa namna ya kufundisha. Papa alifundishwa ufundishaji ISP miaka mitatu. Kati yetu wawili, nani aliyekuwa na diploma ya ile kazi? Tena angalieni: tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu viliingia katika LMD. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5, yaani 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Lisansi ya LMD ni miaka 3, sawa na gradua ya jana. Promoteri anayesema "nataka lisansie" bila kueleza lisansi gani, anaweza kumpandisha kijana wa miaka 3 juu ya gradie wa miaka 3, eti kwa sababu ya jina tu.

Miaka ya kazi. Hii haikupatii kiti, lakini inakupatia vitu vingine ambavyo promoteri hawezi kuchukua. Nitahesabu vinne.

Kwanza, preavizi. Kama kontra haina mwisho na promoteri anataka kuivunja, ukiwa hukufanya kosa zito, kifungu cha 64 kinamlazimisha kukupatia siku za kazi zisizopungua 14, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika mfululizo. Mwenye mwaka mmoja anapata 21. Mwenye miaka kumi anapata 84.

Pili, mapumziko. Kifungu cha 141 kinaongeza siku moja ya likizo kwa kila miaka mitano ya kazi.

Tatu, shule ikipunguza watu kwa sababu ya pesa, haichagui kwa kufuata sura. Uwezo wa kazi, miaka ya kazi na mzigo wa familia vinaangaliwa.

Nne, shule ikiuzwa ao promoteri akifariki na watoto wake wakairiti, kifungu cha 80 kinasema kontra zinaendelea na bwana mpya. Miaka yako haizikwi pamoja na promoteri.

Kontra ya Septemba

Kama miaka ina faida hizi zote, promoteri mjanja anafanya nini? Anahakikisha kwamba hauna miaka.

Pale kwetu, kila Septemba tulisaini kontra mpya ya miezi 10. Julai inakufa, Septemba inazaliwa ingine. Papa wa Kemia alisaini kontra kumi na tano. Kwa promoteri, kila Septemba alikuwa mwalimu mpya.

Nitatumia mfano wa shamba langu. Muhindi unapandwa kila mwaka: unavuna, unang'oa, unapanda tena mvua ikinyesha. Mwembe haupandwi kila mwaka. Unaweza kuandika katika kitabu chako kwamba kila Septemba unapanda mwembe mpya, lakini mizizi iko chini na mtu yeyote anaweza kuchimba aione. Kodi ya Kazi inachimba. Inasema kontra yenye mwisho haiwezi kupita miaka 2, na haiwezi kufanywa upya zaidi ya mara moja. Inasema tena, katika kifungu cha 42, kwamba mtu anayeajiriwa kwa kazi ya kudumu lazima awe na kontra isiyo na mwisho. Na kemia katika shule yenye sekondari ya sayansi, hiyo si kazi ya kudumu? Na kama hakuna kontra ya maandishi kabisa, kifungu cha 44 kinachukulia kwamba kontra haina mwisho, mpaka kinyume kionyeshwe. Walimu wengi wanalia "miye sina hata kontra", kumbe sheria iko upande wao.

Namna nilivyojifunza

Mwaka ule wa 2023-2024 promoteri aliniomba ripoti juu ya Papa. Alitaka niandike kwamba amechoka. Sikuandika kwamba amechoka, lakini niliandika kwamba alichelewa mara tatu, na nikasaini. Ilikuwa kweli, alichelewa. Kile sikuandika ni kwamba mshahara ulikuwa na miezi miwili haujatoka, na yeye alikuwa anatembea kwa miguu toka Katuba. Ukweli nusu, nao unaua.

Julai 2024 Papa alipata barua: kontra imeisha, haitafanywa upya. Ripoti yangu ilikuwa imeambatanishwa. Mwezi uliofuata promoteri alitaka nisaini ripoti ya pili, juu ya mama mmoja wa Kifaransa mwenye miaka 9. Nilikataa. Siku nne kisha, nami nikapata barua yangu. Maneno yaleyale, hata kosa la kuandika lilikuwa lilelile.

Nilienda kwa Papa jioni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi ya kuomba radhi. Alinikaribisha, wakaniwekea bukari, akaleta bahasha ya zamani. Ndani mlikuwa kontra zote kumi na tano, bulteni za mshahara, na hata horeri za masomo. Alisema: "Sasa uko mwalimu. Kula, kesho tunaenda."

Tulienda kwa enspekteri wa kazi. Hii ni hatua ambayo wengi wanaruka: wanakimbia moja kwa moja kwa avoka ao wanapiga kelele mtandaoni. Kifungu cha 298 kinasema tribinali ya kazi haipokei ugomvi wa mtu mmoja na mwajiri kama haujapita kwanza katika upatanisho mbele ya enspekteri. Enspekteri anaita pande mbili, anasikiliza, anaandika. Mkipatana, kuna karatasi ya mapatano. Msipopatana, karatasi ya kutopatana njo inakufungulia mlango wa tribinali.

Enspekteri alipanga zile kontra juu ya meza moja moja. Hakuuliza nani ni A0. Alihesabu tu. Papa: Septemba 2009 mpaka Julai 2024, miaka mizima 14. Mara 7 ni 98, kuongeza 14, siku 112 za kazi. Zaidi ya miezi minne ya mshahara. Mimi: kontra tatu, yaani nilikuwa nimeshafanywa upya mara mbili, kwa hiyo kontra yangu nayo haikuwa na mwisho. Miaka mizima 2. Siku 28.

Juu ya ripoti yangu, enspekteri aliniuliza kama nilichoandika ni kweli. Nikasema ni kweli, kisha nikaeleza habari ya mshahara na miguu. Ilikuwa aibu kusema mbele ya Papa, lakini nilisema.

112 na 28. Pale njo nilielewa maneno ya "miaka yangu ni ya miye". Kiti tulichogombania kiliniongezea dola 30 kwa mwezi, kisha kikanyang'anywa kwa barua ya mistari mitano. Miaka ya Papa haikunyang'anywa. Promoteri alikubali kulipa kwa mafungu. Fungu la mwisho lilichelewa, lakini lilifika.

Kwa wewe unayeanza Septemba hii

Chunga kila karatasi: kontra, bulteni, horeri, ujumbe wa simu wenye tarehe. Piga picha, weka kwa mtu mwingine pia.

Usilale. Kifungu cha 317 kinasema madai ya mshahara yanakufa kisha mwaka 1, na madai mengine mengi ya kontra kisha miaka 3.

Ukitoka, omba cheti cha mwisho wa kazi chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mwajiri analazimika kukitoa. Na uliza mapema kama shule inakutangaza CNSS.

Wakikupatia kiti juu ya mkubwa wako, usikatae haraka na usikubali haraka. Uliza vigezo viko wapi, vimeandikwa? Mshahara ni ngapi? Mkubwa ameambiwa na nani? Nenda umuone yeye kwanza, nyumbani kwake, kabla tangazo halijabandikwa. Heshima hiyo haiombi diploma.

Na kama siku moja wewe njo utakuwa promoteri, andika ukurasa mmoja tu: ili kupanda hapa tunaangalia diploma ya ufundishaji kwa pointi hizi, miaka kwa pointi hizi, na kazi ya darasani kwa pointi hizi. Ubandike katika chumba cha walimu. Watu watanung'unika bado, lakini watanung'unikia karatasi, hawatanung'unikia kijana wa miaka 26.

Papa wa Kemia anafundisha sasa shule ingine. Kabla ya kusaini aliniita nisome kontra pamoja naye. Tulisoma mstari kwa mstari. Haina mwisho.