KING'AMUZI KIPYA: MBACHAO AU MSALA?

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hao hao wakasema tena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hizi mbili hunijia akilini kila ninapoona ving'amuzi vipya vimepangwa madukani. Je, mpenzi msomaji, ile risiva ya setilaiti iliyoko nyumbani kwenu ibadilishwe au iachwe? Wengi hubadilisha kwa kuwa jirani amebadilisha. Wengine hukataa kata kata mpaka siku skrini inapokuwa nyeusi. Katika makala haya nitaeleza kwa lugha nyepesi jinsi ya kuamua bila kutupa pesa.

Mtambo Unavyofanya Kazi

Setilaiti za televisheni huzunguka juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Mwendo wao unalingana na mzunguko wa dunia, na kwa hivyo kwetu sisi ni kama zimesimama mahali pamoja. Mojawapo ya sehemu zinapowekwa ni nyuzi 36 mashariki. Jiji la Nairobi liko karibu nyuzi 37 mashariki, tena si mbali na Ikweta, kwa hivyo setilaiti iliyo hapo iko karibu utosini petu. Ndiyo maana madishi mengi ya kwetu yamelala kama mtu anayetazama mawingu. Ndiyo maana pia anayeishi bondeni, ambako kilima kimeziba mnara wa matangazo, hupata picha safi kwa dishi.

Dishi hukusanya mawimbi kama karai linavyokusanya maji ya mvua. Kile kichwa kidogo kilicho mbele yake, LNB, huyapokea na kuyashusha hadi masafa ambayo waya unaweza kuyabeba. Waya huyafikisha kwa risiva, nayo risiva ndiyo mkalimani: huyageuza yakawa picha na sauti. Shika jambo hili vizuri. Lugha ya matangazo ikibadilika, dishi na waya havina habari. Anayeshindwa ni mkalimani.

Kwa Nini Lugha Hubadilika?

Nafasi katika setilaiti hukodishwa kwa bei ghali. Mwenye kituo hutaka kupakia vituo vingi katika nafasi ile ile, kama vile makanga anavyotaka abiria wengi katika matatu moja. Matangazo ya dijitali ya setilaiti yalianza miaka ya 1990 kwa mtindo uitwao DVB-S. Mwaka wa 2005 ukaja DVB-S2, unaobeba takriban asilimia 30 zaidi. Picha nazo zilikuwa zikikunjwa kwa mtindo wa MPEG-2. Mwaka wa 2003 ukatokea mtindo wa H.264, ambao wengi huuita MPEG-4, unaohitaji karibu nusu tu ya nafasi hiyo. Mwaka wa 2013 ukaja H.265, nao ukapunguza karibu nusu nyingine.

Hebu fikiria. Faida ya kwanza ya mabadiliko haya ni ya mwenye kituo, lakini gharama ya risiva mpya ni yetu. Ni kweli kwamba sisi pia hupata vituo vingi na picha zinazong'aa. Hata hivyo, ni haki yetu kuuliza kama faida hiyo inatosha kulipia gharama.

Soma Dalili Kwanza

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Risiva ya zamani ina dalili zake:

1. Sauti inasikika lakini picha haionekani. Mara nyingi kituo kimehamia MPEG-4 na risiva inajua MPEG-2 pekee. Hapa risiva imepitwa na wakati.

2. Kituo kimoja au viwili vimepotea, vingine viko sawa. Huenda vimehamia masafa mengine, au vimehamia DVB-S2. Chukua rimoti, utafute vituo upya. Visipopatikana hata kwa masafa mapya, basi huenda ni DVB-S2.

3. Vituo vyote vimepotea kwa mpigo. Usikimbilie dukani! Tazama kama dishi limesukumwa na upepo, au waya umeoza pale unapounganishwa.

4. Picha zinakatika mvua ikinyesha. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya Ku, yale yanayopokewa na madishi madogo ya sentimita 60 hadi 90. Risiva mpya haizuii mvua. Rekebisha dishi na waya.

Nitatoa mfano. Nyanya yangu anaishi Taita, bondeni, na dishi ndilo linalomletea habari za jioni na misa ya Jumapili. Vituo viwili vilipomkatikia, fundi mmoja alimwambia ati abadilishe kila kitu: dishi, LNB, waya na risiva. Nyanya alikuwa tayari kuuza mbuzi watatu, na mbuzi hao ndio karo ya binamu yangu muhula ujao. Likizo ilipofika nilikaa mbele ya ile televisheni yake ya mgongo mrefu, nikapitia kituo kimoja baada ya kingine. Kimoja kilitoa sauti bila picha. Cha pili hakikupatikana kabisa, hata baada ya kutafuta upya. Vingine vyote vilikuwa safi kabisa. Nikamwambia, "Nyanya, dishi lako halina neno, wala waya. Kama dishi lingekuwa bovu, hivi vingine vingetoka wapi?" Akacheka, kisha akauliza, "Sasa ni mbuzi wangapi?" Ilikuwa mmoja tu, kwa risiva peke yake.

Maswali ya Kuuliza Dukani

Ukishajua kwamba kweli risiva ndiyo shida, uliza haya kabla ya kutoa pesa:

Kwanza, ni ya dishi au ya antena? Wengi huumia hapa. DVB-T2 ni ya matangazo ya minara ya ardhini, na DVB-S2 ni ya setilaiti. Herufi moja tu, lakini king'amuzi cha T2 pekee hakina kazi kwa dishi.

Pili, inasoma nini? Inayosoma DVB-S2 husoma pia DVB-S ya zamani, kwa hivyo hutapoteza vituo ulivyo navyo. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, chagua inayosoma H.265, upate kukaa nayo miaka mingi. Neno HD lililoandikwa juu ya boksi halitoshi kukuhakikishia hilo.

Tatu, itaunganishwaje na televisheni yako? Televisheni ya zamani hutumia zile tundu tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Risiva nyingine mpya zina HDMI peke yake. Usipoangalia, utalazimika kununua televisheni pia.

Nne, imefungwa kwa kampuni moja, au hupokea vituo vyovyote vya bure? Kampuni ya GTV ilianza mwaka wa 2007 na kuwaonyesha Waafrika ligi ya soka ya Uingereza. Mwishoni mwa Januari 2009 ilifunga biashara, nao wateja, Wakenya wakiwemo, wakabaki na ving'amuzi visivyo na kazi.

Tano, mtindo wenyewe umetulia? Mwezi wa Desemba 2009 Kenya ilizindua matangazo ya dijitali ya ardhini kwa mtindo wa DVB-T. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2. Waliokuwa wamekimbilia ving'amuzi vya kwanza ikabidi watafute vingine. Hayo yalikuwa ya antena, lakini funzo ni lile lile kwa mwenye dishi: wa kwanza kununua si lazima awe wa kwanza kufaidi.

Kauli Yangu

Kwa maoni yangu, upya wa risiva ya dukani si sababu ya kuacha ya nyumbani. Sababu ni moja: matangazo unayoyahitaji yamehamia lugha ambayo risiva yako haiijui. Siku hiyo ikifika, badilisha bila kusitasita, maana kung'ang'ania kifaa kisichosikia tena ni hasara vilevile. Kabla ya siku hiyo, pesa zako zina kazi nyingine.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msiwaachie wazazi mzigo huu peke yao. Yale mnayojifunza katika fizikia kuhusu mawimbi si ya mtihani tu. Yaelezeni nyumbani kwa Kiswahili kinachoeleweka, na huenda mkaokoa mbuzi wawili!