Kopo la Nyama Lililoleta Homa ya Matumbo

Mama akichemsha maji ya kunywa, kisha akayapoza kwa kuyachanganya na maji mabichi ya mtoni, amepata faida gani? Ameteketeza kuni bure. Jambo hili kila mtu hulifahamu. Lakini miaka mingi iliyopita kiwanda cha nyama ya kopo kilifanya kosa lililo ndugu na hilo, na waliougua walikuwa ng'ambo ya bahari, zaidi ya watu 400.

Yafaa tuieleze habari hiyo, maana yaonyesha jinsi waganga wanavyofuata nyayo za maradhi, tena ina fundisho kwa kila nyumba.

Homa yaingia mjini

Aberdeen ni mji wa pwani katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Mwezi wa Mei 1964 watu wachache walipelekwa hospitali wakiwa na homa kali. Walipopimwa, ikaonekana ni homa ya matumbo. Haukupita muda mrefu, wagonjwa wakawa makumi, kisha mamia. Shule zikafungwa. Watu wakahimizwa kunawa mikono kila watokapo chooni na kabla ya kugusa chakula.

Dr. Ian MacQueen, mganga mkuu wa afya wa mji, pamoja na wenzake, walikuwa na swali moja: homa hii imepita njia gani? Maji ya bomba yakichafuka, wagonjwa hutoka kila mtaa. Maziwa yakichafuka, huugua wale wanaonunua kwa mwuzaji mmoja. Kila njia ina alama zake.

Kazi haikuwa nyepesi. Vijidudu vya homa ya matumbo ni vya jamii iitwayo salmonela. Mtu akivimeza leo, mara nyingi huanza kuugua baada ya juma moja hata majuma matatu. Nani akumbuke chakula alichokula siku hizo zote? Hata hivyo kila mgonjwa aliulizwa: ulikula nini, na ulinunua wapi? Majibu ya mmoja hayakutosha. Lakini majibu ya wengi yalipowekwa pamoja, njia ikaonekana. Wengi walikuwa wamekula nyama baridi iliyokatwa vipande katika duka moja kubwa la mjini. Shaka ikaangukia kopo kubwa la nyama ya ng'ombe ya chumvi.

Waganga wa maabara nao walitazama vijidudu vyenyewe. Wakaona ni vya aina isiyo ya kawaida katika Uingereza, bali yenye kujulikana Amerika ya Kusini. Na nyama ile ilitoka wapi? Argentina.

Kosa lilikuwa baada ya kupika

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, mkubwa wake Sir David Milne. Ikaonekana kwamba nyama ilipikwa vema ndani ya makopo, na moto uliua vijidudu vyote. Lakini makopo yale ya moto yalipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa, na mto ule ulipokea uchafu wa watu. Kopo likipoa hunyonya ndani. Likiwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, tone la maji hupenya.

Jambo la hatari ni kwamba vijidudu hivi havitoi hewa. Kopo halivimbi, wala nyama hainuki. Mwenye duka alilifungua bila shaka yo yote, akaikata nyama kwa mashine. Kisha mashine ile ile ikakata nyama nyingine. Hivyo waliugua hata watu ambao hawakuonja nyama ya kopo lile!

Tena onyo lilikuwapo. Mwaka 1963 homa hiyo ilizuka katika miji mingine ya Uingereza, na nyama ya kopo ikashukiwa. Lakini makopo mengine yaliyopozwa kwa maji mabaya yalibaki ghalani. Onyo likisikilizwa nusu, ni kama halikusikilizwa.

Kwa bahati dawa zilikuwapo, na karibu wagonjwa wote walipona. Mwezi wa Juni 1964 Malkia Elizabeth aliuzuru mji, ili watu wote waone kwamba hatari imepita.

Na sisi nyumbani?

Sisi hatuna kiwanda, lakini tuna sufuria, kisu na mtungi. Maji yaliyochemshwa yapoe yenyewe, katika chombo safi chenye kifuniko. Asiingize mtu kikombe chake ndani, bali yatekwe kwa kata yenye mpini. Kisu kilichopasua kuku mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, maana kuku na mayai huweza kuwa na salmonela za aina nyingine, ziletazo kuhara na homa. Chakula cha jana kipashwe moto mpaka kichemke, si kutiwa uvuguvugu tu.

Homa ya matumbo yenyewe hutoka kwa binadamu. Aliyepona huweza kubaki na vijidudu ndani ya nyongo bila kujisikia mgonjwa, naye huvitoa chooni. Kwa hiyo choo kiwe na kifuniko, na maji ya kunawa na sabuni yawe karibu. Aliyepewa dawa azimalize zote, hata kama homa imetulia siku ya tatu. Siku hizi iko na chanjo. Ulizeni katika zahanati yenu.

Neno la mwisho ni hili. Pengine baada ya harusi au matanga watu wengi huugua pamoja. Mara maneno huanza: fulani ametia sumu, fulani ni mchawi. Jirani huwa adui, na kumbe chanzo ni pilau iliyolala au maji ya kisima. Msiwe wepesi wa kumnyoshea mtu kidole. Pelekeni habari zahanati siku ile ile, na mganga akiuliza mlikula nini, mwambieni kila kitu bila kuficha. Watu wa Aberdeen walisema walichokula, na kwa maneno yao njia ya homa ikazibwa.