Mwanetu kaitwa chuo Mbarara: aende na karatasi gani?



Mwezi huu tunaongea na familia zenye kijana aliyemaliza S.6, au aliyekuja na diploma yake kutoka Kongo, na sasa anatazama upande wa Mbarara. Tumeamua kuandika kwa sababu ya jambo lililotokea kwa jirani yetu.

Kijana wake alipata nafasi chuoni, na nyumbani ikawa furaha. Siku ya kujiandikisha karani akamwambia: "Wewe ni mgeni. Lete pasipoti na pasi ya mwanafunzi." Kijana akarudi kimya. Jioni rafiki akamshauri: nenda Kampala, ingia ubalozi wa nchi yenu, omba pasipoti, mambo yaishe. Nauli ilikuwa imeshachangwa mama yake aliposema, "Ngojeni kwanza, tuulize." Mama huyo aliokoa nyumba yake.

Mkimbizi si mgeni wa pasi

Mwanafunzi anayetoka nchi yake kuja kusoma Uganda huingia na pasipoti, kisha huomba pasi ya mwanafunzi kwa idara ya uhamiaji. Pasi hiyo ndiyo inayomruhusu kukaa. Wewe uliyetambuliwa kuwa mkimbizi, ruhusa ya kukaa umeshapewa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na kadi yako ya mkimbizi ndiyo ushahidi. Karani asipoelewa, usigombane naye. Mwombe kwa heshima akupeleke kwa msajili wa chuo, na uwe na barua kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM, inayoeleza wewe ni nani.

Na pasipoti ya nyumbani? Hapo kuna shimo. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 na sheria ya Uganda vinasema kwamba mtu akirudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake unaweza kukoma. Kuomba pasipoti ya nchi hiyo kunaweza kuhesabiwa hivyo. Ukihitaji kuvuka mpaka kwa masomo, mkataba huohuo unatoa hati ya kusafiria ya mkimbizi. Huombwa kupitia OPM. Anza mapema, maana huchukua muda.

Majina yafanane

Hili linaangusha wengi. Kwenye atestesheni ya familia umeandikwa jina moja, kwenye diploma lingine, na mwaka wa kuzaliwa nao umehama. Chuo kitauliza: huyu ni mtu mmoja au wawili? Toeni karatasi zote leo, mzilinganishe herufi kwa herufi. Penye kosa, nendeni OPM kuomba marekebisho kabla ya barua ya chuo kufika.

Vyeti vya nje vinahitaji kulinganishwa na vya Uganda. Cheti cha sekondari hupelekwa UNEB, cha chuo hupelekwa NCHE, zote Kampala. Kilichoandikwa kwa Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza. Cheti halisi usimwachie mtu wa kati hata akiapa.

Ada: uliza kabla

Tuseme ukweli. Kwa shule ya msingi sheria inamweka mtoto wa mkimbizi sawa na mwenyeji. Kwa chuo inasema tu asitendewe vibaya kuliko wageni wengine. Kwa hiyo usidhani, uliza chuo chenyewe, iwe Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara (MUST) au Bishop Stuart: mkimbizi analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Omba jibu kwa maandishi. Tofauti hiyo yaweza kumrudisha mtoto nyumbani katikati ya mwaka.

Wengine hutegemea ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani na kupewa jina la Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Sharti lake la kwanza ni kuwa mkimbizi anayetambuliwa. Mnaona basi? Pasipoti ile ya ubalozi ingeweza kufunga na mlango huu.

Kabla ya kupanda gari

Beba kadi ya mkimbizi, nakala ya atestesheni, vyeti halisi na nakala, barua ya chuo na barua ya OPM. Nakala nyingine ziache kwa mama. Anayekudai pesa ili upate kadi au fomu ya UNHCR anakuibia, huduma hizo ni bure. Ukikwama kisheria, Refugee Law Project wana ofisi Mbarara na hawalipishi.

Yule kijana wa jirani? Alirudi chuoni na kadi yake na barua ya OPM, akaomba kumwona msajili. Aliandikishwa siku hiyohiyo. Ile nauli ya Kampala ikanunua godoro.

Msomaji, ukiwa na mashaka, uliza kwanza. Tuonane mwezi ujao.