Umeuza, Lakini Hujalipwa Bado

Kitu cha kwanza kunadiwa katika mtandao ambao baadaye uliitwa eBay kilikuwa kurunzi ya leza, ile ya kuonyeshea ubaoni, tena mbovu. Mwaka 1995 Pierre Omidyar aliiweka mnadani na mtu akainunua kwa dola 14.83, huku akijua haifanyi kazi. Siku zile kununua kwa mtu usiyemjua kulihitaji moyo. Mshindi wa mnada alitia hundi au hawala ya posta ndani ya bahasha, akaituma, kisha akakaa kumwomba Mungu asiwe ameangukia mikononi mwa tapeli. Muuzaji yeye alisubiri hundi ipite benki ndipo afunge mzigo. Zikaja kadi, ikaja PayPal, ambayo eBay iliinunua mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, na kulipa kukawa jambo la dakika moja. Wengi walidhani hatari imekwisha. Kumbe ilihama tu, ikatoka kwa mnunuzi ikaenda kukaa kwa muuzaji, ambaye mara nyingi ndiye wa mwisho kupata habari.

Malipo ya kadi hayafanani na kukabidhi noti. Noti ikitoka mkononi imekwenda. Kadi hupitisha ahadi: benki iliyompa mnunuzi kadi huwasiliana na mtandao wa kadi, tuseme Visa au Mastercard, nao huwasiliana na kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya muuzaji. Neno "imekubaliwa" linapotokea kwenye skrini, benki inachosema ni kwamba kadi ipo hai na ina salio. Haijasema kwamba anayeitumia ndiye mwenyewe, wala kwamba ataridhika na alichonunua. Mwenye kadi akilalamika, benki yake inaweza kuivuta ile pesa irudi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba biashara ilikuwa halali humwangukia muuzaji. Huo ndio urejeshaji wa malipo. Una mizizi katika sheria: Marekani ilipitisha mwaka 1974 sheria inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti kupinga makosa ya malipo, na Uingereza mwaka huohuo ikaweka sheria inayomfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Mitandao ya kadi yenyewe imekwenda mbali zaidi, maana kwa malalamiko mengi hutoa hadi siku 120. Saa iliyouzwa Novemba inaweza kuzua madai Machi, wakati pesa yake imeshalipa kodi ya nyumba.

Matapeli wameisoma ratiba hiyo kuliko wauzaji. Wapo wanaotumia kadi ya wizi moja kwa moja, na hao ndio rahisi kuwaelewa. Wapo wanunuzi halali kabisa wanaopokea mzigo kisha wakasema haukufika, au wakadai kilichofika sicho walichokinunua na kurudisha simu iliyokufa mahali pa ile nzima. Lakini ujanja unaostahili kuangaliwa kwa makini ni ule wa pembe tatu, kwa sababu ndani yake kila anayeonekana ni mtu mwema. Tapeli huweka mnadani bidhaa asiyokuwa nayo. Mnunuzi wa kweli anashinda na kumlipa. Tapeli anakwenda kwa muuzaji mwingine mwenye bidhaa hiyohiyo, anainunua kwa kadi ya wizi na kuagiza ipelekwe kwenye anwani ya yule mnunuzi wa kweli. Mzigo unafika, mnunuzi anafurahi, muuzaji wa pili anahesabu faida. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi anaona taarifa ya benki, anapiga kelele, na pesa inavutwa. Muuzaji akifuatilia anwani atamkuta mtu asiye na kosa, aliyelipa bei kamili kwa mtu mwingine. Tapeli ameondoka na pesa safi bila hata kuugusa mzigo.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kanuni hizi zilitungwa kwa kufikiria duka, na zikiwekwa juu ya mnada wa mtu mmoja mmoja huonea. Duka kubwa likiuza kamera elfu moja na tano zikapotea kwa utapeli, hasara husambazwa katika bei ya zile nyingine, na hakuna anayekosa usingizi. Anayenadi kamera moja aliyorithi kwa baba yake hana mahali pa kuisambaza. Tuseme imeuzwa dola 900 na kuisafirisha kumegharimu 40. Malipo yakivutwa anakosa kamera, anakosa 900, anakosa 40, na kampuni ya malipo inaweza kumkata ada ya kushughulikia mgogoro, ambayo kwa Marekani imezoeleka kuwa dola 20. Tena duka lina karani wa kujibu barua za benki. Yeye ana simu yake na siku chache za kutafuta ushahidi ambao hakujua kwamba angeuhitaji.

Atakayenipinga atasema kampuni za minada na malipo zina ulinzi kwa wauzaji. Ni kweli, na ulinzi huo si maneno matupu: ukituma kwenye anwani iliyomo katika muamala na ukawa na namba ya kufuatilia mzigo, kwa kawaida unalindwa dhidi ya dai la kadi ya wizi au la mzigo kutofika. Kwa bidhaa ya dola 750 na kuendelea, eBay na PayPal hutaka pia saini ya aliyepokea. Ila soma masharti hadi mwisho. Ulinzi wa PayPal kwa muuzaji haugusi dai kwamba bidhaa si kama ilivyoelezwa, na hilo ndilo dai ambalo mnunuzi mjanja hulichagua, maana namba ya kufuatilia mzigo huonyesha kwamba boksi limefika, haionyeshi lilikuwa na nini ndani. Ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu wakati wa kulipa, ambayo kanuni za Ulaya zilianza kuisukuma kwa nguvu tangu Septemba 2019, nayo husaidia kuhamishia benki hasara ya kadi ya wizi, lakini haimzuii mwenye kadi mwenyewe kusema uongo. Ongeza na hili: tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya. Sababu ilikuwepo, kwani wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa alama, lakini matokeo yake ni kwamba anayekuja kununua leo hana doa, hata kama jana alimliza mwingine.

Basi urejeshaji ufutwe? Wapo wanaotaka hivyo, nami sikubaliani nao. Bila huo uhakika, mtu wa Chicago asingethubutu kutuma dola 900 kwa mgeni, na muuzaji tunayemlilia asingekuwa na mteja. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wana mfano wa karibu wa mfumo uliojengwa kinyume. Katika M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, mwenye pesa mwenyewe ndiye huisukuma kwa namba yake ya siri. Hakuna anayeivuta kwa kutumia tarakimu zilizoibwa kwenye kadi. Kwa muuzaji huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo ukaja utapeli wa ujumbe wa uongo unaodai pesa imeingia, na kule Kenya, aliyetuma huweza kupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 kuomba urudishwe, njia iliyowekwa kwa waliokosea namba. Hundi nazo, ambazo wazee wa minada huzisifu, zina mtego wao: sheria ya Marekani ya mwaka 1987 huilazimu benki kuiachia upesi pesa ya hundi ya kibenki, mara nyingi siku ya kazi inayofuata, ilhali ughushi unaweza kugundulika wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana tapeli hupenda kutuma hundi inayozidi bei na kuomba chenji kwa haraka.

Ninachokidai ni kidogo zaidi ya kufuta: kampuni zinazokata asilimia kwa kila mnada ziwajibike zaidi kwa dai la bidhaa kutofanana na maelezo, hasa kwa muuzaji wa mara moja moja, kwa sababu zenyewe ndizo zinazoiona historia ya malalamiko ya mnunuzi, na muuzaji haioni. Hadi hapo, kazi ya ushahidi inabaki kwako, na waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanakuhusu. Kabla hujafunga boksi piga picha ya namba ya utambulisho wa bidhaa na video ya kifaa kikifanya kazi. Taja kila mkwaruzo kwenye tangazo. Mazungumzo yote yafanyike ndani ya mtandao wa mnada, usihamie WhatsApp. Usikubali malipo yanayozidi bei, wala ombi la kubadilisha anwani baada ya kulipwa, hata mnunuzi akieleza kwamba anampelekea shangazi yake mgonjwa. Barua pepe ikikuambia malipo yanakusubiri ila utume mzigo kwanza, ifunge, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako na utazame salio. Na kama bidhaa ni ya thamani ambayo huwezi kuikosa, pesa yake iache kwenye akaunti kwa miezi minne.