Kidole kinachozungusha kipanya kutwa

UKIINGIA kwenye maduka ya steshenari ya Mwanga au Ujiji, mkoani Kigoma, utamkuta kijana akichapa barua, mwingine akimjazia mteja fomu mtandaoni. Mkono mmoja uko juu ya kipanya, na kidole cha shahada kinasukuma kile kigurudumu cha katikati. Hadi jioni kimesukuma mara ngapi? Hakuna anayehesabu.

Mtoto anayejifunza kuandika programu anaweza kumhesabia mzazi wake. BASIC ni lugha ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wasio wataalamu. Matoleo ya zamani hayakukijua kigurudumu, kwani kilienea baada ya Microsoft kutoa kipanya chake cha IntelliMouse mwaka 1996. QB64, toleo la bure, inakisoma, na ukishaipakua haili bando.

hesabu = 0
DO
WHILE _MOUSEINPUT
hesabu = hesabu + ABS(_MOUSEWHEEL)
WEND
LOCATE 1, 1: PRINT hesabu
_LIMIT 30
LOOP

Kigurudumu kikisukumwa juu, _MOUSEWHEEL hutoa -1, kikivutwa chini, 1, kikitulia, 0. Miendo ya kipanya hupanga foleni, ndiyo maana WHILE huisoma mmoja mmoja hadi iishe. ABS ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, ukisukuma mara kumi juu na kuvuta mara kumi chini jibu ni sifuri, ilhali kidole kimefanya kazi mara 20.

Programu hii huhesabu dirisha lake likiwa mbele tu, kwa hiyo pima dakika moja: mzazi azungushe kama anavyosoma barua ndefu kazini. Akipata 20, kwa saa nane ni mara 9,600.

Si kigurudumu peke yake cha kulaumiwa. Mkono huohuo alfajiri umebeba ndoo, au umeanika dagaa Kibirizi. Lakini ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa ile inayomwamsha mtu usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito na wenye kisukari wako kwenye hatari zaidi.

Kwa kurasa ndefu, tumia kitufe cha Page Down. Sogeza kipanya karibu na mwili ili kiwiko kipumzike, kifundo kisipinde, na ubadilishe mkono ukiweza. Mtoto naye asikae hapo saa tatu mfululizo kwa kisingizio cha kujifunza.

Ganzi ikidumu wiki kadhaa, au vikombe vikianza kuponyoka mkononi, kuchua kwa dawa ya kupaka hakutoshi. Nenda kituo cha afya, mweleze mganga kazi unayofanya, na hesabu ile umwonyeshe.