Maumivu ya Mtoto: Kwa Nini Utafiti Ugharamiwe?

MTANGAZAJI: Mtoto mchanga akidungwa sindano hulia. Je, anaumia kweli, au ameshtuka tu?

Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Tena waliogopa dawa kali zisimdhuru. Kwa hiyo watoto wengine walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno.

Mwaka 1987, daktari K.J.S. Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto njiti waliofanyiwa upasuaji. Kundi moja liliongezewa dawa ya maumivu, fentanili, jingine halikuongezewa. Waliokosa dawa hiyo, miili yao ilihangaika zaidi, na baada ya upasuaji walipata matatizo mengi zaidi. Hapo mawazo yakaanza kubadilika.

Utafiti kama huo unataka fedha, kwani mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Chukua kodeini: mwilini hugeuka kuwa mofini, na kwa watoto wengine hugeuka haraka mno, wakashindwa kupumua. Dawa iliyomfaa baba inaweza kumuua mwana.

Matunda mengine ya utafiti hayanunuliwi dukani. Tangu 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla, kwa sababu hupunguza maumivu.

Mama, siku ya chanjo mwombe muuguzi nafasi ya kumnyonyesha.