Mtoto Akikosa Usingizi Ugenini, Usikimbilie Dawa

Nyakati za Idd, harusi na likizo familia nyingi husafiri, na mara nyingi mama, baba na watoto hupewa chumba kimoja, pengine pamoja na shangazi au bibi. Wakubwa hulala. Mtoto wa miaka miwili analia hadi saa sita za usiku, mama anaona haya kwa wenyeji, kisha mmoja anasema: "Mpe piritoni kijiko kimoja, atalala."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hatari. Piritoni ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake tu. Ikizidi huweza kumletea mtoto degedege na kumpunguzia pumzi, na wapo watoto ambao huwafanya wawe machachari badala ya kulala. Promethazini ni hatari zaidi: haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwani huweza kuzuia pumzi hadi akafa. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi nazo zina dawa za jamii hii.

Nakumbuka mtoto aliyeletwa zahanati alfajiri akiwa amelegea, hata kunyonya hawezi. Bibi alikuwa amempa kijiko kimoja, na mama, bila kujua, akampa kingine. Alhamdulillahi alizinduka baada ya kuangaliwa kutwa nzima.

Kwa nini mtoto halali ugenini? Mtoto hulala kwa mazoea. Nyumbani huoga, hula, hunyonya, hubembelezwa, kisha taa huzimwa. Giza huusaidia ubongo kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, mwanga huizuia. Ugenini taa inawaka, simu zinaita na wakubwa wanapiga soga. Aidha, kama hakulala mchana kwa ajili ya safari, uchovu ukizidi humfanya asumbue zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaeleza kuwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Basi fanya yafuatayo:

1. Shika utaratibu wa nyumbani. Kama huoga na kula saa 1 usiku, na huko iwe hivyo hivyo. Msomee dua ile ile, kwa sauti ile ile. Usimpe chai wala soda jioni.

2. Beba shuka lake au kanga uliyozoea kumlazia. Harufu anayoijua humtuliza.

3. Mtengee pembe. Funga kamba ukutani, tundika kanga izuie mwanga, mbali na uso wake na mbali na moto.

4. Wakubwa watoke nje kuzungumza. Tumefundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Mwombe mwenyeji kwa adabu; ataelewa.

5. Akiamka usiku, usiwashe taa wala usimpe simu. Mpapase mgongoni, mnong'oneze, umpe muda arudi usingizini.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, zingatia zaidi. Mlaze chali, karibu nawe lakini mahali pake, juu ya godoro gumu lisilo na mito. Kumbana katikati ya watu wazima waliochoka safari kunaweza kumkosesha pumzi. Na kwa umri wowote, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa. Anayetoka mahali penye malaria kidogo kwenda penye malaria nyingi hana kinga ya kutosha. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama kuna baridi, kwani moshi wake usioonekana huua watu wakiwa wamelala.

Mwisho, si kila kilio ni cha ugeni. Mtoto akiwa na homa, akitapika, akivuta sikio, akipumua kwa shida au akilegea, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo. Na kama amekwisha kupewa dawa, nenda na chupa yake, useme ukweli bila ya kuona haya.

Siku ya kwanza na ya pili huwa na taabu, kisha watoto wengi huzoea. Tuwe na subira nao. Wabillahi tawfiq.